Vipimo Viko Sawa, Mbona Matumbawe Yanakufa?

Anayefuga matumbawe nyumbani, awe Muscat, Mombasa au Toronto, kuna siku atauliza swali hili, na maneno yatakuwa karibu yaleyale: "Chumvi nimepima, joto nimepima, kila kitu kiko sawa. Mbona yanakufa?" Samaki wanaogelea kama kawaida. Maji yanang'aa. Lakini tumbawe lililokuwa zambarau limegeuka rangi ya udongo, la pili limejikunyata wiki nzima, na la tatu linabanduka nyama kutoka shinani kwenda juu, linaacha kiunzi cheupe pe.

Akienda dukani atauziwa chupa ya dawa. Isipofaa atauziwa nyingine, na kuanzia hapo hakuna anayeweza tena kutenganisha madhara ya tatizo na madhara ya dawa.

Vipimo vya nyumbani ni shahidi mkweli anayejibu alichoulizwa tu. Seti ya kawaida hupima vitu vitano au sita, na vinavyoua matumbawe ni vingi kuliko hivyo. Mara nyingi tumbawe lenyewe limekwisha kuonyesha ni kipi, kwa jinsi linavyokufa, mahali kifo kilipoanzia, na nani mwingine anayeumwa pamoja nalo. Kwa hiyo tutaanza na macho, kisha vipimo, na chupa tutaiacha mwisho kabisa.

Mnyama, mmea na jiwe

Wengi wetu wa pwani tulilijua tumbawe kwanza likiwa ukutani, jiwe la kujengea au la kuchomea chokaa. Lile ni ganda la marehemu. Aliye hai ni mnyama mdogo anayeitwa polipu: kimfuko cha nyama chenye mdomo mmoja, na kuuzunguka mdomo huo kuna minyiri ya kunasia chakula. Polipu mamia au maelfu huishi wameshikana, na matumbawe magumu hujijengea chini yao kiunzi cha chokaa kinachotokana na madini ya maji.

Ndani ya nyama hiyo wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Mwani hao hutumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wao, na tumbawe lenye mwanga wa kutosha laweza kupata hadi asilimia 90 ya nguvu zake kwao. Rangi ya kahawia tunayoiona kwenye matumbawe mengi ni ya mwani hao.

Tukilijua hilo, tunaweza kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyaita yote "kufa".

Kupauka ni pale mwani wanapoondoka au kufukuzwa. Nyama bado ipo, ila imekuwa kama kioo, na weupe unaouona ni wa kiunzi kilicho chini yake. Tumbawe hilo ni hai lakini lina njaa, na linaweza kurudi. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto lisilo la kawaida, miamba mingi ya Afrika Mashariki ilipauka, mingine ikafa na mingine ikapona. Wanaofuatilia miamba hukadiria kwamba nyuzi moja tu ya joto juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, ikikaa wiki nne hivi, inatosha kuanzisha hali hiyo.

Kubanduka nyama ni jambo jingine. Hapo kiunzi kiko uchi, na baada ya siku chache kinaanza kuota mwani wa kijani. Palipobanduka pamekufa, ingawa sehemu iliyobaki yaweza kuokolewa.

La tatu ni kujikunyata, na hapa watu hutishika bure. Matumbawe laini ya jenasi ya Sarcophyton, yale yanayofanana na uyoga, hufunga polipu zake zote mara kwa mara, yanafunikwa na utando kama nta, yanakaa hivyo siku kadhaa, kisha yanavua ngozi hiyo na kufunguka upya. Ukilimwagia dawa tumbawe lililo katika hali hiyo, umelitafutia ugonjwa ambao halikuwa nao.

Kifo kinaanzia wapi?

Piga picha kila siku saa ileile, taa zikiwa kwenye mwanga uleule. Jicho linalotazama tangi kila siku halioni mabadiliko ya polepole. Kisha jiulize ni upande gani umeathirika.

Weupe ukiwa juu, palipoelekea taa, na kivulini rangi ikabaki, ishuku taa. Aliyebadilisha taa karibuni, au aliyefuta vumbi na chumvi kwenye kioo cha taa iliyochafuka kwa miezi, ameyaongezea matumbawe mwanga ghafla na huenda hakumbuki.

Nyama ikibanduka kuanzia shinani kwa matumbawe ya matawi, hasa Acropora, fikiria mabadiliko ya madini, kivuli, maji yasiyotembea, au wadudu wanaoanzia chini penye giza. Nyama ikiyeyuka tumbawe zima kwa saa chache, hapana nafasi ya uchunguzi: kata ncha zilizo hai, sentimita mbili juu ya mstari wa kifo, uzihamishe.

Madoa ya duara yaliyotawanyika ni alama za meno. Upande mmoja tu ukifa, tazama jirani aliye upande huo. Na ute wa kahawia unaoning'inia kwenye tumbawe la Euphyllia, wenye harufu ya kuoza, ni maambukizi; tumbawe hilo litolewe leo, kabla ute haujapeperushwa na pampu kwenda kwa wenzake.

Ncha nyeupe hazina tafsiri moja. Kwa Acropora inayokua vizuri ncha huwa nyeupe, kwa sababu kiunzi kipya kimewatangulia mwani. Ikiwa polipu zimetokeza karibu na ncha hiyo, tumbawe linakua. Ikiwa ncha imekauka na kuota mwani, imeungua.

Swali la mwisho la macho ni hili: je, kamba na konokono wazima? Wao hawategemei mwanga wala hawajengi matawi. Wakiwa wanakufa pamoja na matumbawe, acha kuhangaika na taa. Tafuta sumu, au kipime upya kiwango cha chumvi.

Kipimo chako nacho kimepimwa?

Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi gramu 35 hivi katika kila kilo moja ya maji. Kifaa kinachotumika sana kusoma kiwango hicho ni refraktomita, kibomba cha kuchungulia ambacho hupima jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye tone la maji. Watu wengi hukisawazisha kwa maji matupu yaliyochujwa, kikisoma sifuri wanaridhika. Lakini kifaa kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea kwenye 35, na huko ndiko matumbawe yanakoishi. Nunua maji ya kusawazishia yaliyotengenezwa kuwa 35, ukisawazishe kwa hayo.

Chumvi pia hubadilika bila mtu kumwaga chochote. Maji yanapogeuka mvuke chumvi inabaki. Chukua tangi la lita 300 linalopoteza lita 4 kwa siku, jambo la kawaida chumba kikiwa na feni. Mtu wa nyumbani, kwa nia njema, anajazia kwa ndoo ya maji ya chumvi yaliyokuwa yamewekwa akiba. Kila siku ameongeza gramu 140 za chumvi. Baada ya siku 10 kiwango kimepanda kutoka 35 hadi karibu 40.

Kinyume chake hakionekani kwa urahisi. Mashine ya kutoa povu, ile inayokusanya uchafu wa maji kwa viputo na kuumwaga kwenye kikombe, ikifunguliwa kupita kiasi hutoa maji mengi kuliko uchafu. Tuseme lita moja kwa siku. Pampu ya kujazia inaona maji yamepungua na inaleta maji matamu badala yake. Tangi lilelile la lita 300 litashuka kutoka 35 hadi karibu 32 ndani ya mwezi mmoja, huku kila kifaa kikifanya kazi yake barabara.

Joto nalo lipimwe kwa kifaa cha pili kisicho na undugu na hita. Matumbawe mengi ya madukani hutoka Indonesia na Australia na huwekwa kwenye nyuzi 25 hadi 27. Kuna matumbawe katika Ghuba ya Uajemi yanayovumilia nyuzi 34 na zaidi wakati wa kiangazi, na wafugaji wa Dubai hupenda kuwataja hao. Hao ni wenyeji wa huko, waliozoea kwa vizazi. Acropora iliyotoka kisiwani Indonesia haina uzoefu huo.

Kwa ufupi: kabla ya kuamini kwamba "kila kitu kiko sawa", pima chumvi na joto kwa vifaa viwili tofauti, na tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa za vipimo vyako.

Ualkali, na kwa nini namba moja haitoshi

Ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechagua ualkali. Ni uwezo wa maji kuzuia asidi, na kwa tumbawe gumu ni akiba ya malighafi ya kujengea kiunzi. Hupimwa kwa digrii za Kijerumani zinazoandikwa dKH. Bahari huwa na 7 hivi, na wafugaji wengi hukaa kati ya 7 na 10.

Mfugaji hupima Jumamosi, anaona 8.5, anafurahi. Jumamosi inayofuata ni 8.5 tena. Asichokiona ni kwamba Jumanne ilikuwa 7 na Alhamisi ilikuwa 9.8, kwa sababu anamimina myeyusho wake kwa mkono anapokumbuka. Tumbawe la matawi huvumilia 7, huvumilia 9.8 pia. Kinacholiumiza ni kupelekwa huku na huko ndani ya juma moja.

Ualkali una faida nyingine ambayo watu huiacha mezani: unaonyesha tumbawe linajenga kwa kasi gani. Tuseme tangi lako limekuwa likitumia dKH 1.5 kwa siku, na wewe unalirudishia kiasi hichohicho. Wiki hii, bila kubadilisha kitu, ualkali unapanda. Hujazidisha dawa. Matumbawe yameacha kujenga. Mara nyingi ishara hii huja siku kadhaa kabla rangi haijabadilika. Ukiongezea hapo kalsiamu na magnesiamu, madini mawili mengine ya ujenzi, unazidi kurundika malighafi ambazo fundi amekwisha kuziacha. Punguza myeyusho kwanza, kisha utafute kilichomsimamisha.

Basi pima asubuhi na jioni kwa siku tatu, uandike. Daftari hilo ni bora kuliko chupa yoyote inayouzwa.

Maji safi kupita kiasi

Wafugaji wa zamani waliogopa nitrati na fosfeti, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, kwa sababu yakizidi mwani huzagaa. Vifaa vya kisasa vimeleta balaa la upande wa pili. Mtu anaweka mashine kubwa ya povu, anaweka chujio la kunyonya fosfeti, anawapa samaki chakula kidogo, na vipimo vyote viwili vinasoma sifuri. Anajipongeza.

Mwani walio ndani ya tumbawe wanahitaji naitrojeni na fosforasi kama mmea wowote. Wakikosa, tumbawe hupauka taratibu na kubaki na rangi dhaifu, na ualkali ukiwa juu wakati huohuo ncha huungua. Mara nyingi hutokea pia makamasi ya kahawia juu ya mchanga, yenye viputo vya hewa, yanayopungua usiku na kurudi taa zikiwaka. Hao ni dinoflajeleti, viumbe wa hadubini wanaositawi pale washindani wao wanapokosa chakula. Baadhi wana sumu inayoua konokono wanaowala.

Nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1 yanafaa kwa matangi mengi. Ukisoma sifuri, ondoa lile chujio, walishe samaki vizuri, na usibadilishe maji kwa pupa.

Sumu iliyomo nyumbani

Hapa ndipo vipimo vya kawaida haviwezi kitu, na hapa ndipo ninapopatilia mashaka zaidi ninapoambiwa kila kitu kiko sawa.

Anza na pampu za kusukuma maji, zile zinazoshikiliwa kwenye kioo kwa sumaku. Itoe pampu, iloweke kwenye maji ya siki mpaka magamba ya chokaa yatoke, uikaushe, kisha pitisha ukucha kwenye mshono wa plastiki inayofunika sumaku. Panapaswa kuwa laini. Ukikuta pamevimba, au ufa mwembamba kama unywele wenye alama ya hudhurungi pembeni, ubonyeze. Ukitoka unga wa kutu, sumaku imekuwa ikimung'unyika ndani ya tangi, pengine kwa miezi. Kagua hivyohivyo kibanio cha kusafishia kioo, skrubu za taa zilizo juu ya maji na vibanio vya mipira. Maneno "haishiki kutu" yaliyoandikwa kwenye skrubu hayahusu maji ya bahari.

Shaba ni hatari zaidi. Dawa nyingi za magonjwa ya samaki zina shaba, na kiasi kinachotibu samaki huua matumbawe na kamba. Tangi lililonunuliwa kwa mtu, lililowahi kutibiwa samaki, laweza kuwa na shaba iliyojificha kwenye mawe na mchanga, ikitoka kidogo kidogo. Koki ya shaba nyeupe kwenye bomba la kujazia nayo ihesabiwe.

Maji ya kujazia pia yachunguzwe. Chujio la osmosisi, linalosukuma maji kupitia utando mwembamba, likifuatiwa na chembe za kunyonya madini, linatakiwa kutoa maji yanayosoma sifuri kwenye kipimo cha vitu vilivyoyeyuka. Likisoma 5 au 10, chembe zimechoka, na zikichoka zinaweza kuachia kwa mkupuo zilichokuwa zimekishika. Maji ya bomba yaliyolala kwenye tangi la juu ya paa na kupita kwenye mabomba ya zamani hayafai kuaminiwa kwa macho.

Kisha iko hewa. Dawa ya mbu ya kupuliza ina viuadudu vya jamii ya pairethroidi, na kwa kamba na kaa viuadudu hivyo ni mauti. Mashine ya povu na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani usiku na mchana na kuichanganya na maji. Mtu anapuliza sebuleni saa kumi na mbili jioni, anafunga mlango kama ilivyoandikwa kwenye kopo, na asubuhi kamba wamelala ubavu. Rangi mbichi ya ukuta na sabuni ya kung'arisha vioo vina njia hiyohiyo ya kuingia.

Nyumba zinazofungwa kwa ajili ya kiyoyozi zina shida ya pole zaidi: kaboni dioksidi ya pumzi za watu hurundikana, inaingia majini, na maji yanasogea upande wa asidi, kwa hiyo matumbawe yanajenga polepole. Kulijua hilo ni rahisi. Chota gilasi ya maji ya tangi, ipeleke barazani, ipulizie viputo vya hewa kwa saa moja, kisha linganisha usomaji wa asidi kabla na baada. Asidi ikipungua sana, fungua dirisha.

Wageni wa usiku na majirani wabaya

Saa mbili baada ya taa kuzima, njoo na tochi yenye mwanga mwekundu. Wanyama wengi wa majini hawaujali sana mwanga huo.

Utakaowaona kwanza ni minyoo wenye nywele kama sindano, wamejazana kwenye tumbawe linalokufa. Wengi huwahukumu hao. Kwa kawaida hula nyama iliyokwisha kufa, kwa hiyo kuwakuta kwenye maiti si ushahidi wa mauaji.

Wenye hatia ni wadogo na wanajificha. Minyoo bapa wanaokula Acropora wana rangi ya tumbawe lenyewe; utaona alama zao za duara kabla hujawaona wao. Shika bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji, yapulize kwa nguvu kwenye tawi. Kikipeperuka kitu kama kipande cha karatasi laini kinachojikunja, umempata. Geuza shina: mayai yao ni ya hudhurungi, yamepangwa kwenye kiunzi kitupu. Dawa za kuchovyea huwatoa minyoo, mayai hayadhuriki, ndiyo maana kuchovya mara moja hakusaidii. Rudia kila wiki kwa wiki sita, na yakwangue mayai kwa kisu. Tumbawe la Montipora nalo lina adui wake, koa mweupe mwenye manyoya mgongoni, asiyezidi urefu wa punje ya mchele.

Halafu kuna vita vya majirani. Tumbawe la Galaxea hunyoosha usiku minyiri mirefu yenye sumu, wakati mwingine sentimita 15 au zaidi, na kumchoma aliye karibu. Matumbawe laini hayana haja ya kugusa: hutoa majini kemikali zinazodumaza matumbawe magumu. Tangi lililochanganya jamii zote mbili kwa miaka laweza kufika mahali ambapo hakuna namba mbaya na hakuna kinachokua. Mkaa wa kuchujia, ubadilishwe kila wiki mbili au tatu, hunyonya sehemu kubwa ya kemikali hizo. Ni rahisi, na ningeuweka hata kabla sijapata jibu.

Usipopata jibu

Itatokea. Ukishapita kote huko bila kumpata mkosaji, fuata mpangilio huu, kitu kimoja kimoja:

1. Weka mkaa mpya wa kuchujia.
2. Badilisha asilimia 15 hadi 20 ya maji kila wiki kwa mwezi mmoja, kwa chumvi ya kopo jingine ikiwezekana. Linganisha kwanza chumvi, joto na ualkali vya maji mapya na ya zamani.
3. Peleka sampuli kwenye maabara zinazopima metali kwa wingi. Omba pia kipimo cha maji yako ya kujazia, siyo ya tangi peke yake.
4. Usinunue tumbawe jipya wala samaki mpya katika kipindi hicho.

Hapo kinachowashinda watu wengi si ujuzi, ni kukaa mikono mitupu. Tumbawe lililoacha kudhoofika laweza kuchukua miezi kurudisha rangi, na mwenye tangi asiyeona nafuu kwa siku nne anarudi dukani. Angalia ukingo wa nyama, pale inapokutana na kiunzi kitupu. Ukingo ukiwa umechanika au umelegea, bado linakufa. Ukiwa mnene, umeviringana na kuanza kupanda juu ya kiunzi, hata kwa milimita moja, tatizo limekwisha, uwe umelijua jina lake au hukulijua.

Ukingo ukishatulia hivyo kwa mwezi mmoja, nunua kipande kimoja cha bei ndogo kilichokuzwa na mfugaji mwenzako. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo yanayovuka mpaka yanahitaji kibali. Kipande cha jirani hakina usumbufu huo na kimekwisha kuzoea maji ya matangi. Kichovye dawa, kiweke chini penye mwanga mdogo, na kwa wiki nane pima ualkali uone kama matumizi ya kila siku yanaongezeka. Yakiongezeka, nunua cha pili.